Uzoefu wangu na Extra 300 ya rimoti: mbao safi, kimfuko cha skrubu tupa

Niseme mapema kabisa, mbao za hii ndege ni nzuri kuliko bei yake, lakini kile kimfuko cha bawaba, skrubu na vifimbo vya chuma kinachokuja ndani ya boksi, hapo mtengenezaji amebana pesa vibaya sana. Nimeshairusha vya kutosha kusema hivyo bila wasiwasi.

Ni ndege ndogo ya rimoti ya Extra 300, upana wa mbawa mita 1.2, hizi za ARF (karibu tayari kuruka) ambazo bodi, mbawa na mkia vimeshajengwa na kuvalishwa plastiki ya rangi, wewe unatafuta mota, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota), sevo nne (vimota vidogo vya kusogeza vibao vya usukani), risiva (kipokezi cha rimoti) na betri halafu unaunganisha. Ile kubwa yenyewe ya rubani ilibuniwa na Mjerumani Walter Extra, ikaruka mara ya kwanza 1988, na bawa lake liko katikati ya bodi, tena umbo lake juu na chini ni sawa, ndio maana hata ukiigeuza kichwa chini inaruka vilevile. Hawa waliotengeneza hii ndogo hawakuharibu hiyo kazi. Niliingiza mbawa kwenye bomba la kaboni zikakaa bila kulazimishwa, nikachukua tepu nikapima kutoka ncha ya kila bawa hadi ncha ya mkia, kushoto na kulia zikawa sawa kabisa, nikafurahi sana kusema kweli kwa sababu ndege ikishakuwa kombo hapo hakuna rimoti itakusaidia.

Ndege bila vifaa ilikuwa kama elfu 30 hivi. Kilichouma ni kargo. Boksi ni sentimita 115 kwa 32 kwa 20, na hawa watu wa kargo hawapimi uzito tu, wanazidisha hizo namba wanagawa kwa 6000, kwa hivyo unalipia kilo 12 na ndani hata kilo 3 hazifiki. Uliza hiyo hesabu kabla hujatuma M-Pesa. Betri msijaribu kuiweka kwa mzigo huo, lithiamu ikisafirishwa peke yake hairuhusiwi kwa ndege za abiria na inatakiwa iwe na chaji isiyozidi asilimia 30, mimi nilitafuta ya huku huku. Na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, wana kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani, zisome kabla ya kuoda, usingoje mzigo ufike ndio uanze kuuliza vibali.

Sasa plastiki ya juu. Ilitoka kwa boksi ikiwa imelegea kwa mbawa kama ngozi ya ngoma iliyonyeshewa, na usiogope, Nairobi ni kukavu na mbao zinanywea kidogo zikifika huku. Nilianza na pasi ya nguo, moto wa chini, kitambaa cha pamba katikati, nikapita kwanza kwenye kingo na pale plastiki zinapokutana hadi zikashika, ndio baadaye nikaenda katikati na blowdrai. Ukianza katikati plastiki inavuta kingo zinaachia na hapo umejitafutia kazi ingine.

Bawaba ndio sehemu nataka mtu asome polepole. Zile za kimfuko ni plastiki laini inayoteleza, gundi haina mahali pa kushika. Nilizitupa nikatumia zile za nyuzi nyuzi zinazofyonza. Kwa kila mwanya toboa kashimo kadogo katikati kwa drili nyembamba, ingiza bawaba nusu kwa bawa nusu kwa aileroni (kile kibao cha nyuma ya bawa kinachoinamisha ndege), zuia isizame na pini, halafu tone la supaglu nyepesi, ile inayokimbia kama maji, sio nzito. Ukiwa karibu na taa unaiona kabisa ile gundi ikiingia, uso wa bawaba unabadilika rangi kutoka katikati kwenda pembeni, ikifika ukingoni unaacha. Upande wa pili unarudia. Halafu unaiacha, usiguseguse.

Kuna mzee tunarusha naye upande wa Kitengela, nilimpelekea bawa aangalie kabla sijafunga kitu kingine.

"Vuta, kijana."

"Imeshika mzee, nimejaribu jana."

"Vuta kama unang'oa."

Nikavuta aileroni kwa nguvu zangu, yeye ameshika bawa, haikusonga. Akafanya hivyo kwa kila moja, na mkia pia. Hii ni ndege ya kubingirishwa (roli) na kusimamishwa hewani, aileroni moja ikitoka kule juu hiyo imeenda.

Ubao wa mbele unaoshika mota nao nilikuta gundi ya kiwandani ni kidogo, inaonekana kwa pembe kuna mahali pamekauka bila kitu. Nilipitisha epoksi ya dakika 30 ndani kote. Na mkiona mota imeinama kidogo kulia msiinyooshe kwa washa, imewekwa hivyo makusudi kwa sababu propela inavuta ndege kushoto. Bolti zote za mota tia gundi ya bluu ya nati. Vifimbo vya kimfuko, vile vinavyounganisha sevo na vibao vya usukani, nilibadilisha pia nikaweka vyenye vichwa vya kigololi cha chuma, havina mchezo mchezo, na sevo washa rimoti kwanza zijikalie katikati kabla ya kufunga mikono yake.

Kijitabu kinasema propela 12x6 (upana na mwinamo kwa inchi) na betri ya 3S 2200 (seli tatu, mAh 2200). Kijitabu hakijui tunaishi mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 hivi, siku ya jua kali zaidi, kwa hivyo propela inazungushwa kirahisi na mota ya umeme inakula ampea chache kuliko zile wameandika. Watu wa injini za mafuta wao wanapoteza nguvu, sisi wa umeme tuna nafasi ya kuongeza. Niliweka 13x6.5, nikapima na watimita (kipima umeme), ikarudi karibu na namba za kijitabu na ESC ya 40A haikuchemka. Tofauti ni kubwa, sasa inaning'inia kwa propela bila kupewa moto wote. Lakini hiyo hewa nyepesi inalipwa wakati wa kutua, inabidi ije na kasi zaidi kama asilimia 10, ukiipunguza sana bawa linaangusha ncha.

Kitovu cha uzito nilikiweka mbele ya ile alama yao kwanza, halafu nikasogeza betri nyuma kidogo kidogo. Kipimo ni kuipandisha nyuzi 45, unaigeuza kichwa chini, unaachilia stiki. Yangu sai inaenda mbele na kushusha pua taratibu sana, na hapo ndipo naipenda. Kwa ubavu ni raha tupu, unashika usukani wa mkia inapita uwanja mzima bawa moja linaangalia chini na haijaribu kujipindua wala kuvutia kwa magurudumu, hiyo ni jiometri nzuri sio bahati, na kwa ndege ya bei hii sijaona nyingine.

Kitu kimoja kimeanza kuchoka ni ule ubao wa plaiwudi unaoshika miguu, nyasi za kule zina mawe na matuta ya fuko, nimeuongezea vipande vya balsa na epoksi kwa pembe. Ningefanya hivyo siku ya kwanza ningekuwa najua, nanyi fanyeni. Na kama hujawahi kushika rimoti chukua kwanza treina ya povu yenye bawa juu, hii haijisawazishi yenyewe hata kidogo, inabaki pale ulipoiweka.

Anayejua duka hapa mjini lenye zile bawaba za nyuzi aniambie tafadhali, mimi zangu niliziagiza kutoka nje na zimebaki mbili tu.