Ukumbi una daftari, wagonjwa hawana: tathmini ya huduma za usharika mmoja Dar es Salaam

Ndani ya mwaka mmoja nimepita mara mbili mikononi mwa baraza la wazee la usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ulio pembezoni mwa Dar es Salaam: kwanza nilipokodi ukumbi kwa ajili ya sherehe ya kipaimara ya binti yangu, kisha mama yangu alipougua na kuhitaji huduma ya kichungaji nyumbani hadi siku tulipomzika. Usharika wenyewe sitautaja, kwa kuwa ninaupenda na ninakusudia kusema mazuri na mapungufu yake kwa uwazi.

Nianze na ukumbi, unaosimamiwa na kamati ya majengo iliyo chini ya baraza. Karani wa usharika alinifungulia daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la mwombaji, aina ya shughuli, jumuiya (kikundi cha waumini wa mtaa mmoja) anayotoka, namba ya risiti, amana, na mwishoni nafasi ya sahihi mbili, moja ya kukabidhiwa ufunguo na nyingine ya kuurudisha. Masharti yalikuwa yamechapwa kwenye ukurasa mmoja: pombe hairuhusiwi, muziki uzimwe saa nne usiku, shughuli isigongane na ibada, na msiba ukitokea, wafiwa wapewe ukumbi kwanza, mwenye sherehe achague kati ya kupangiwa tarehe nyingine na kurudishiwa fedha zake zote. Nilifurahi sana kuona sharti hilo la mwisho limeandikwa, kwa sababu lisipoandikwa hugeuka ugomvi kati ya aliyelipa na aliyefiwa, na mchungaji hulaumiwa na wote wawili.

Siku ya sherehe mlinzi alihesabu viti mbele yangu, akavihesabu tena usiku tulipomaliza. Kimoja kilikuwa kimevunjika mguu. Jumatatu mjumbe wa kamati alinipigia simu kunieleza bei ya kiti, na Jumatano nilirudishiwa amana iliyobaki pamoja na risiti. Kwa upande huu sina lawama hata moja, na anayetafuta ukumbi safi, wenye maji ya uhakika na utaratibu unaoeleweka, nampendekezea aulizie ukumbi wa usharika ulio karibu naye kabla ya kwenda kwenye kumbi za biashara.

Huduma ya kichungaji nayo ilianza vizuri kupita nilivyotarajia. Mzee wa kanisa wa jumuiya yetu alikuja kila wiki, na mara mbili alifuatana na mchungaji aliyeleta Chakula cha Bwana. Ninaikumbuka mara ya pili: mchungaji alitandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, akaona mama anashindwa kumeza mkate mkavu, akauchovya kwenye divai, kisha akasubiri kimya kwa muda mrefu, bila kutazama saa, mpaka mama akameza. Baada ya hapo alimwuliza anapenda wimbo gani, wakauimba pamoja kwa sauti ya chini, mama akiwa amefumba macho.

Kisha mzee yule akahamishiwa Dodoma kikazi. Kwa wiki saba hakuja mtu. Mama, ambaye kila Jumapili mchana aliuliza kama mchungaji amefika, hakunung'unika, lakini sisi watoto wake tulimwona akinyong'onyea kwa namna ambayo dawa haikuwa na la kufanya. Dada yangu alipokwenda ofisini kuuliza, karani alitafuta kabatini na hakupata orodha yoyote ya wagonjwa wa usharika. Mchungaji alipopata habari alihuzunika, akaja jioni ileile, akatueleza wazi kwamba taarifa za wagonjwa humfikia kwa mdomo wa wazee, na kwamba katika vikao vya baraza husemwa mwishoni, kwenye mengineyo, ilhali taarifa za fedha na za majengo huja kwa maandishi na hujadiliwa kwanza.

Hapo ndipo ninapoona kasoro, na si kwa mchungaji wala kwa mzee aliyehama. Baraza lililoweza kujua ndani ya siku moja kwamba kiti kimevunjika linao uwezo wa kujua kwamba mgonjwa hajatembelewa kwa wiki saba. Halikuwa limeujengea tu uwezo huo utaratibu. Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba wale watu saba wa Matendo ya Mitume sura ya 6 walichaguliwa kwa sababu wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kusahauliwa kwa wahitaji ndiko kulikolazimu usimamizi. Wala tatizo la kuzipa kamati za fedha uzito kuliko za huduma si la Walutheri peke yao. Katika Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kila parokia inatakiwa kuwa na baraza la fedha (kanuni ya 537), lakini baraza la kichungaji huundwa pale askofu anapoona inafaa (kanuni ya 536).

Nimewasikia wanaohofu kwamba kuandika habari za wagonjwa kutazitangaza siri zao. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi mwenyewe nisingependa ugonjwa wa mama usomwe kwenye matangazo. Lakini daftari halihitaji jina la ugonjwa, wala lolote mtu alilomwambia mchungaji faraghani. Linahitaji jina, jumuiya, tarehe ya kutembelewa, aliyetembelea na tarehe ya kurudi, likae kabatini kwa mchungaji, na mzee anayehama akabidhi daftari hilo kwa sahihi kama ufunguo wa ukumbi unavyokabidhiwa.

Baada ya arobaini ya mama nililiandikia baraza barua yenye maelezo haya, nikaomba huduma ya wagonjwa na wafiwa iwe ajenda ya kudumu, itangulie taarifa ya majengo. Niliipeleka mwenyewe ofisini pamoja na kaunta buku jipya, kurasa za mwanzo nikiwa nimeshazipiga mistari. Karani alilipokea, akaniandikia risiti.