Old Sarum, nje kidogo ya Salisbury: anzia tuta la nje, tiketi baadaye

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya sehemu ya kulipia; kilima chenyewe hakina deni na mtu.

Old Sarum iko kama kilomita tatu kaskazini mwa katikati ya jiji la Salisbury, kusini mwa Uingereza, kando ya barabara ya A345 iendayo Amesbury. Wageni wengi hupita hapo wakiwa ndani ya basi la kwenda Stonehenge (lile duara la mawe ya kale), wanachungulia dirishani, wanaona kilima cha majani, basi. Hawateremki. Kumbe kilima hicho kimebeba mambo matatu yaliyopandiana: boma la Zama za Chuma la mnamo mwaka 400 KK, ngome ya Wanormandi (watu wa kaskazini mwa Ufaransa) iliyopachikwa katikati yake baada ya uvamizi wa 1066, na msingi wa kanisa kuu lililobomolewa kabisa. Warumi nao barabara zao kadhaa zilikutana hapa.

Ramani yake ielewe kabla hujatoa hata senti. Boma la Zama za Chuma ni tuta kubwa la udongo lenye handaki, limezunguka kilima kwa duara lililorefuka kidogo, mita 400 kwa 360. Ndani yake kuna uwanja mpana wa majani. Katikati ya uwanja kuna kilima kingine kidogo chenye handaki lake, refu na la kutisha zaidi, na humo ndimo ilimokuwa ngome ya mfalme. Tuta la nje, uwanja na msingi wa kanisa ni bure. Pesa unatoa pale tu unapotaka kuvuka daraja la mbao kuingia ngome ya ndani.

Sasa hapa ndipo watu wanapojipunja. Gari huingilia upande wa mashariki, palepale palipokuwa na lango la boma tangu kale, na maegesho yako ndani ya uwanja. Ukishuka garini, daraja liko mbele yako, unalifuata. Unalipa, unazunguka magofu dakika ishirini, unarudi garini na tuta la nje hujalikanyaga. Mimi nashauri kinyume chake. Toka maegesho, panda tuta kwa kuelekea kusini, ulizunguke huku jiji likiwa mkono wa kushoto. Mzunguko mzima ni kilomita moja na ushei. Kwa mwendo wa kusimama na kutazama, tenga dakika arobaini.

Upande wa kusini ndio wenye mandhari. Mnara wa kanisa kuu la Salisbury, mita 123, unasimama peke yake juu ya paa za mji. Ila wapiga picha wajue kwamba saa za mchana jua linakuwa upande huohuo wa kusini, kwa hiyo utapata kivuli cheusi tu. Njoo mapema asubuhi, au wakati wa kiangazi subiri alasiri jua linapohamia magharibi na kuupiga mnara ubavuni.

Viatu. Kilima chote ni chokaa laini nyeupe, na penye majani yaliyolika kwa kukanyagwa, mvua ikinyesha hiyo chokaa inageuka uji. Raba zenye soli bapa zitakuangusha. Mteremko wa kwenda handakini ni mkali. Tumia njia zilizokwisha kufanyika, usikate moja kwa moja, maana unaharibu tuta na kifundo cha mguu wako pia. Wenye watoto wadogo, muwashike mkono huko juu, hakuna cha kumzuia mtoto aliyeanza kukimbia. Kigari cha mtoto kinafika hadi eneo la daraja, lakini tuta la nje si mahali pake. Miezi ya joto vaeni suruali ndefu kwenye majani marefu, kwa sababu ya kupe.

Na koti la upepo, hata kama mjini kumetulia. Hili silisemi kwa kujaza maneno: upepo ndio uliohamisha jiji zima. Mapema karne ya 13 makasisi wa hapa walimlalamikia Papa Honorius III kwamba upepo unavuma hata hawasikilizani wakiimba, kwamba weupe wa chokaa unawaumiza macho, kwamba maji ni ya kununua. Juu ya hayo, kanisa lao lilikuwa ndani ya boma moja na askari wa mfalme, wakawa wanagombana nao kila mara. Ruhusa ikatoka, na mwaka 1220 ujenzi wa kanisa jipya ukaanza bondeni penye mto. Wakazi nao wakateremka kidogokidogo. Ukisimama kwenye tuta la magharibi mwezi Februari, malalamiko yao huyaoni kuwa ya kudeka hata kidogo.

Kanisa la zamani liko pembe ya kaskazini-magharibi ya uwanja. Kosa la kawaida ni kuingia moja kwa moja katikati ya ile misingi. Ukiwa chini unaona vijistari vya mawe kwenye majani na huelewi kitu. Baki juu ya tuta kwanza. Kutoka pale umbo la msalaba linajitokeza lote, na unaona kuwa ni makanisa mawili, moja ndani ya jingine. Dogo ni la Askofu Osmund, lililowekwa wakfu mwezi Aprili 1092. Siku tano baadaye dhoruba ikaliharibu. Kubwa ni la Askofu Roger, aliyelirefusha karne ya 12. Ukishauona mchoro wote, ndipo ushuke utembee ndani yake. Ule uwanja mtupu unaoukanyaga nao si mtupu: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliupima kwa vyombo bila kuchimba, wakakuta mpangilio wa mji wa enzi za kati chini ya majani.

Turudi kwenye tiketi. Bei hubadilika kwa msimu, kukata mtandaoni mapema huwa nafuu kidogo, na mwanachama wa English Heritage, shirika linalotunza mahali hapa, haingii mfukoni kabisa. Je, inafaa? Inategemea unatarajia nini. Aliyezoea magofu ya Gede au Kilwa, ambako kuta za matumbawe bado zimesimama na milango yake, hapa atajiona ametapeliwa. Hakuna chumba kilichosalia kizima. Sababu yake ni kwamba mawe mazuri yaliyochongwa yalikuwa uso wa nje wa kuta, na yamebebwa. Mwaka 1331 Mfalme Edward III alitoa ruhusa mawe ya kanisa la zamani yatumike kwenye kanisa kuu jipya na ukuta wa kuzunguka eneo lake. Kilichobaki ngomeni ni matumbo ya kuta: mawe ya gumegume yaliyozamishwa kwenye chokaa.

Lakini isogelee hiyo gumegume. Nje ina ganda jeupe, na pale ilipopasuka ndani ni nyeusi inayong'aa kama kioo. Kuna mahali mafundi wameyalaza mawe kwa mshazari, safu moja kulia, inayofuata kushoto, na bado yamekamatana baada ya miaka mia tisa. Chini kwenye vitako vya kuta za nyumba aliyoijenga Askofu Roger utakuta vipande vichache vya jiwe lililochongwa ambavyo havikung'olewa. Kwa hivyo unaweza kukisia ukuta mzima ulivyokuwa. Kisima nacho kipo. Eleanor wa Aquitaine, mke wa Mfalme Henry II, alishikiliwa hapa kwa sehemu ya kifungo chake.

Mimi ningelipa kama nina watu wanaopenda kusoma vibao vya maelezo, au kama sina haraka. Kwa mwenye saa moja tu, sehemu ya bure inamtosha na kumzidi. Kinachonikera ni kwamba maelezo mengi yanamhusu William Mshindi, mfalme wa Wanormandi aliyeongoza uvamizi wa 1066 (hapa ndipo alipowaapisha wenye ardhi tarehe 1 Agosti 1086), ilhali waliochimba handaki la nje karne nyingi kabla yake wanatajwa juujuu. Kichekesho cha mahali hapa ni Bunge: mji ulikwisha kuhamwa, lakini Old Sarum iliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka sheria ya mwaka 1832. William Pitt Mkubwa, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliingia Bungeni kwa kiti hicho mwaka 1735.

Kufika. Treni kutoka London Waterloo hadi Salisbury ni kama saa moja na nusu. Basi la utalii la Stonehenge linaanzia stesheni na husimama Old Sarum. Huwa lina tiketi ya pamoja inayojumlisha kiingilio, ulizia kabla ya kulipa mara mbili. Ukipenda miguu, njia fupi ni Castle Road, moja kwa moja kupandisha, yenye kelele za magari. Mimi huifuata njia ya kando ya mto Avon hadi kijiji cha Stratford-sub-Castle, kisha napanda kilima kutokea magharibi. Ni ndefu kidogo, na majira ya baridi ina matope, ila unakiona kilima jinsi alivyokiona adui.

Ngome ya ndani hufunguliwa kwa kawaida saa nne asubuhi, na majira ya baridi hufungwa mapema zaidi kuliko kiangazi. Wenye magari waangalie muda ulioandikwa kwenye geti la maegesho. Mbwa wanaruhusiwa wakiwa na kamba. Kanisa kuu la mjini liwekeni mchana wa siku hiyohiyo, na kabla ya kuingia zungukeni ukuta wake wa nje: kati ya mawe yake yamo yenye nakshi za Kinormandi, yaliyoteremshwa kutoka kilimani.