Barua pepe kwenye kikoa changu mwenyewe: nyota nne kati ya tano

Ninachokipima hapa ni mpango mzima, si sanduku la barua la kampuni fulani: kusajili kikoa (jina la mtandaoni kama mfano.com), kukodi huduma ya barua pepe kwingine, na kuviunganisha. Ninautumia kila siku. Sirudi kwenye anwani ya bure ya zamani, lakini nyota ya tano siitoi, na sababu nitaifikia.

Kinacholipiwa hasa ni kile kipande kinachofuata alama ya @. Kwenye anwani ya bure, kipande hicho ni cha mwenye seva na wewe ni mpangaji. Akifunga akaunti, anwani inabaki kwake pamoja na kila mtu anayeijua. Google, kwa mfano, imejipa haki ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Kikoa kikiwa mkononi mwako, kumhama mtoa huduma ni suala la kubadilisha rekodi za MX (mistari ya mipangilio inayoonyesha seva ya kupokelea barua za kikoa), na anayekuandikia hajui kama umehama.

Kuhusu jina, kipimo changu ni simu: litaje mara moja, na aliye upande wa pili aliandike bila kuuliza. Vistari na tarakimu huanguka hapo hapo. Mwisho wa kikoa nao una mwenyewe. Waingereza wengi waliokuwa na anwani za .eu walipoteza haki ya kuzishikilia baada ya nchi yao kutoka Umoja wa Ulaya, ingawa walikuwa wamelipa ada. Kama hutaki kufungwa na sheria za ukaazi, .com, .net au .org zinatosha, hata kama hazina mvuto.

Sasa rekodi, mahali ambapo wengi hukwama. MX kwanza: futa zile alizoziweka msajili (kampuni uliyosajilia kikoa), kisha weka za mtoa huduma wako. Ukiacha za pande zote mbili, baadhi ya barua zitatua kwenye seva usiyoifungua kamwe, na hutaona kosa lolote. Kila MX ina namba, na ndogo ndiyo inayopewa kipaumbele, si kubwa. SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako, ni rekodi ya TXT (ya maandishi) na lazima iwe moja tu. Ukiwa nazo mbili, mpokeaji anahesabu ni kosa la kudumu. Ndani yake usivuke maulizo 10 ya DNS (daftari la mtandao linalotunza rekodi za vikoa), na kila "include", yaani kuivuta orodha ya mwingine, huhesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake. DKIM ni saini ya kidijitali kwenye kila barua. Rekodi yake yenye ufunguo wa biti 2048 ni ndefu kuliko herufi 255 zinazoruhusiwa katika mfuatano mmoja, kwa hiyo hukatwa vipande ndani ya alama za nukuu. Paneli nyingine za kuwekea rekodi hukata zenyewe. Nyingine huitupa sehemu ya ziada kimyakimya, na saini zako zote zinakataliwa. DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua zilizofeli ukaguzi huo, iweke chini ya jina _dmarc, uanze na p=none (zisizuiwe), usome ripoti wiki mbili tatu, ndipo upande hadi quarantine (ziende kwenye taka) na mwisho reject (zikataliwe). Anayeruka moja kwa moja hadi reject huzuia barua zake mwenyewe.

Ukimaliza, jitumie barua kwenye akaunti ya Gmail, fungua chanzo chake na utafute spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass. Zote tatu zikiwepo, umemaliza. Hata hivyo kikoa kipya hakina sifa, na wiki za mwanzo barua zitaangukia kwenye taka. Waombe wachache unaowaandikia wakujibu na kuziondoa huko. Usianze kwa kuwatangazia watu mia anwani mpya kwa mkupuo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni lakabu. Kila duka na kila huduma naipa anwani yake, na zote huishia kwenye sanduku moja. Taka zikianza kuingia kupitia lakabu fulani, najua jina limevuja kutoka wapi, naifunga, na mengine yanaendelea. Alama ya kujumlisha ya Gmail (jina+duka@gmail.com) hufanya kitu kinachofanana, lakini fomu nyingi huikataa, na yeyote anaweza kuifuta abaki na anwani yako halisi. Onyo moja: ukijibu barua iliyokuja kwenye lakabu, hakikisha programu inatuma kwa lakabu hiyo hiyo, la sivyo umeitoa anwani kuu kwa mkono wako. Na usiwashe mpokea-yote, yaani mpangilio unaopokea jina lolote mbele ya @. Unavutia, lakini wabahatishaji wa info@ na admin@ watakujaza.

Kuna njia ya bei nafuu, ya kuelekeza barua za kikoa kwenda sanduku la bure bila kukodi chochote. Siipendekezi. Seva inayoelekeza haimo kwenye SPF ya mtumaji, kwa hiyo ukaguzi huo kwa kawaida unafeli. Barua huokolewa na DKIM pekee, tena ikiwa hakuna aliyeigusa njiani. Barua za benki ni mbaya kuzibahatisha hivyo.

Nyota niliyoipunguza ni hii: kikoa nacho kimekodiwa, na kikiponyoka hasara ni kubwa kuliko kupoteza sanduku la bure. Kwa .com, baada ya muda kwisha msajili anaweza kukupa nafasi isiyozidi siku 45, kisha zipo siku 30 za kukikomboa kwa ada ya juu, siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote anakichukua. Barua huacha kuingia mapema zaidi ya hapo. Atakayekichukua atawasha mpokea-yote, aende kwenye akaunti zako abonyeze "nimesahau nenosiri". Kwa hiyo washa malipo ya kujirudia, lipa miaka kadhaa mbele (kikomo cha .com ni 10), na weka kufuli la uhamisho, linalozuia kikoa kuhamishwa kwa msajili mwingine bila wewe kulifungua. Akaunti ya msajili ifungue kwa anwani iliyo nje ya kikoa hicho, kwani kikizimika, hata ilani ya kukulipisha haitakufikia. Uthibitisho wa hatua mbili uwe wa programu au ufunguo wa maunzi. SMS hapana, maana namba ya simu huweza kuhamishiwa kadi nyingine na mtu mwenye ulimi mtamu.

Nakala, kwa kifupi: IMAP, njia inayolinganisha barua za vifaa vyako na zilizo kwenye seva, si hifadhi. Ukifuta kwenye simu, imefutika kwenye seva na kwenye kompyuta pia. Pakua faili la mbox (faili moja lenye barua zako zote) kila baada ya miezi mitatu na ulijaribu kulifungua.

Usitarajie kikoa kikufiche. Mtoa huduma bado anaweza kusoma barua zisizosimbwa, na lakabu zako zote zina mkia mmoja, kwa hiyo mwenye orodha mbili zilizovuja ataziunganisha kwa dakika moja. Kwa akaunti ambazo hutaki zihusishwe na jina lako, tumia lakabu za huduma yenye kikoa kinachoshirikiwa na watu wengi.