Miaka mitano na Toyota GT86: barabarani, Nürburgring, na siku breki iliyonigeuka

Niaje familia, karibuni tena. Leo nipo nje, nipo kwenye parking ya Nürburgring, ule uwanja wa mbio za magari huku Ujerumani, hizo kelele mnazosikia nyuma ni watu wanaingia na kutoka, na leo hatimaye tunaiongelea hii ndinga nyekundu ambayo mnaiona kwenye video zangu zote na kila siku mtu lazima aniulize "kaka hiyo inakimbia kiasi gani". Haikimbii sana. Na ndo maana nimekaa nayo miaka mitano.

Kwa wageni, hii ni Toyota GT86 ya 2013, nimeinunua kwa mtu hapa Köln mwaka 2020 ikiwa imetembea kilomita elfu 88, nikatoa euro elfu 14 na chenji, mke wangu hakuniongelesha siku mbili ila hayo tuyaache. Injini ni cc 2000, haina tabo, yaani ile feni ya kuisukumia injini hewa, nguvu ya farasi 200 basi. Najua hapo washkaji wa Subaru wa Nairobi mmeshaanza kucheka, mtu ana Impreza yake ina tabo inapiga filimbi hadi majirani wanaamka, ananiangalia mimi na farasi wangu 200. Cheka tu, ila unamcheka ndugu yako, maana hii injini ni Subaru hiihii, ni boksa, pistoni zimelala zinarushiana ngumi kushoto na kulia, na gari lenyewe limeundwa kwenye kiwanda cha Subaru kule Gunma, Japani. Toyota wao wakaleta utaalamu wao wa kupiga mafuta, kila silinda ina nozo mbili, moja inapiga mule ndani kabisa na nyingine inapiga kwenye njia ya hewa. Na jina 86 linatoka kwenye ile Corolla ya miaka ya 1980, AE86, gari nyepesi ya kusukuma kwa nyuma. Halafu kuna utundu hapo, upana wa silinda ni milimita 86 na pistoni inapanda na kushuka milimita 86. Sijui ilimchukua nani muda gani kuipanga ikae hivyo lakini mimi huwa nafurahi nikiifikiria, kila mtu na wazimu wake.

Sasa kwa sababu injini imelala, uzito wote uko chini, gari nzima ni kama tani moja na robo, na wewe mwenyewe unakaa chini karibu na lami. Mjomba wangu alikuja kututembelea mwaka juzi, huyu mzee ameendesha Scania miaka 27 njia ya Dar kwenda Tunduma, akaizunguka hii gari mara mbili kimya, halafu akaniuliza, "Mjomba, hii imebonyea au ndivyo ilivyo?"

Tuanze na barabarani maana huko ndo unaishi nayo. Gia ni za mkono, sita, fupifupi, unazipiga kwa kifundo cha mkono tu sio kwa bega. Stelingi ukiigusa gari imeshasikia. Viti vya nyuma usimdanganye mtu, hapo nyuma anakaa mtoto, koti na mkate, mtu mzima ukimuweka pale mjue mna ugomvi. Lakini, na hii naipenda kweli, ukilaza kile kiti cha nyuma zinaingia tairi nne na rimu zake, walipima makusudi ili uweze kwenda nazo kwenye mzunguko, ufunge, ucheze, ufungue, urudi nyumbani na tairi zako za kawaida. Mimi nimebeba hivyo mara kibao, na siku nyingine nimebeba mkeka, jiko la mkaa na mchele kilo ishirini wa harusi ya rafiki Düsseldorf, ikaenea.

Udhaifu upo. Kati ya RPM 3500 na 4500, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kuna shimo, unakanyaga na gari inakuwa kama imesahau kitu nyumbani, halafu ikivuka hapo inaamka na inapanda hadi elfu 7 na ushee kwa raha zote. Aliyezoea tabo atanuna. Suluhisho ni kushusha gia, usiwe mvivu. Na kwenye autobahn, zile barabara kuu za Ujerumani, sehemu zisizo na kikomo cha mwendo, ukifika 180 ni kelele tupu, upepo, tairi, kila kitu kinaongea, na hapo anakuja mtu na gari la familia la dizeli ana watoto watatu nyuma anakupita wanakupungia mkono. Zoea.

Utamu wake uko kwenye vijibarabara vya huku milimani Eifel, kona juu ya kona, kilomita 70, 80 kwa saa, ndani ya sheria kabisa, na unafanya kazi! Mikono, miguu, vyote viko kazini. Mwenye farasi 500 kwenye kona zilezile anakanyaga robo ya pedali halafu anaishia kushika breki, mimi natumia kila nilichonunua. Na siri nyingine ni tairi. Ilitoka kiwandani na Michelin Primacy, aina ileile iliyokuwa inafungwa kwenye Prius, upana 215 tu. Watu walipiga kelele sana kipindi kile, gari ya spoti inavalishwaje viatu vya teksi, kumbe ndo akili yenyewe, mkia unaanza kuteleza kwenye mwendo mdogo ambao bado una uwezo wa kuurudisha, na ile difu ya aina ya Torsen inagawa nguvu vizuri kati ya tairi mbili za nyuma. Baridi ikija lakini heshima, unafunga tairi za theluji na unakuwa mpole, mimi winta ya kwanza nilizunguka mzima mzima kwenye parking ya supamaketi mbele ya bibi mmoja na mbwa wake, sikuwa nimekusudia.

Haya, sasa huku.

Nordschleife, ile njia ndefu ya zamani ya hapa Nürburgring, ni kilomita 20.8, ilifunguliwa 1927, kona sabini na kitu katikati ya msitu, inapanda inashuka kama barabara ya Lushoto ila bila mwanya wa kukosea, pembeni ni nyasi kidogo halafu chuma. Formula 1 waliacha kushindana hapa baada ya 1976, mwaka ambao dereva Niki Lauda alipata ajali hapa akaungua. Na mtu yeyote mwenye leseni na gari la barabarani anaruhusiwa kuingia siku za wazi, analipa kwa raundi, mara ya mwisho mimi nililipa euro 30 katikati ya wiki, wikiendi 35. Ila kisheria ni barabara kama barabara nyingine, unakaa kulia, unapita watu kwa kushoto tu, kupima muda marufuku, kwa hiyo msiniulize nazunguka kwa dakika ngapi, sisemi. Na soma mkataba wa bima yako mstari kwa mstari kabla hujaja, bima nyingi haziifuniki hii sehemu, na ukigonga unalipia gari lako, kreni, na vile vyuma vya pembeni kwa mita.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwaka 2021, mara yangu ya kwanza na hii gari, raundi ya kwanza nikaenda taratibu, ikaninogea, nikaunganisha ya pili bila kupumzika. Unapita kona za Adenauer Forst na Metzgesfeld, halafu unaanza kushuka Wehrseifen, mteremko mkali na kona ya kushoto imejikunja huko chini. Nikakanyaga breki ikawa kama nimekanyaga embe bivu. Pedali imeenda chini yote na gari bado inaenda! Nikapampu, moja, mbili, tatu, nikashusha gia hadi ya pili injini ikalia kama inachinjwa, nikaipata ile kona kwa neema, nikawasha indiketa ya kulia nikatambaa hadi mwisho wengine wananipita.

Kosa ni langu asilimia mia. Injini oili nilibadilisha, gari niliosha, nikapaka na wax, mafuta ya breki sikuyagusa tangu ninunue. Yale mafuta yananyonya unyevu kidogo kidogo kila mwaka, sasa ukiyapasha moto yale maji yanachemka yanakuwa mvuke, na mvuke unaminyika, kwa hiyo mguu wako unaminya mvuke badala ya kuminya breki. Nikaweka mafuta ya breki ya DOT 4, mazuri ya kuhimili joto, na pedi za kuhimili joto, kama euro 300 na fundi ndani, na nilikuwa nimeshatenga euro elfu mbili za kuongeza nguvu ya injini! Hizo nikanunulia tairi na mafuta, na chenji ikarudi kwa mama watoto.

Mjomba nilipompa hiki kisa alitikisa kichwa tu. "Sisi mlima Kitonga tunashuka kwa gia. Breki unaigusa kama unamuamsha mtoto." Nikamfunga mkanda nikamzungusha raundi moja, mzee hakuangalia msitu wala magari, alikuwa anaangalia miguu yangu. Mpaka tumefika Karussell, ile kona ya zege iliyoinama kama sinia, gari inadunda gudugudugudu meno yanagongana, ndo akaongea: "Hapa mkandarasi alikula hela."

Ukitaka kununua, kagua alama za kugongwa, maana nyingi zimepita mikononi mwa vijana, na omba kitabu cha sevisi. Mrithi wake GR86 ana injini cc 2400 na lile shimo wamelifukia, ila huku Ulaya waliiuza kwa muda mfupi sana ikazuiwa na kanuni mpya za usalama, kwa hiyo hizi za zamani hazishuki bei kirahisi. Barabarani inakula lita 8 kwa kilomita 100, huku ndani zidisha mara mbili na zaidi, sina haja ya kuficha.

Mzee kanipigia asubuhi hii kutoka Mbeya, hakunisalimia vizuri, ameuliza tu mafuta ya breki nimebadilisha lini. Mwezi uliopita, mjomba. Haya, geti limefunguka, ngoja nizime kamera maana huko ndani kurekodi hawataki.