Chenso kuukuu ya kununua na kufufua: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Chenso mpya halisi ya kazi nzito ni ghali kwa mtu anayeanza kupasua mbao, na ndiyo maana mashine zilizotumika hazikai sana sokoni Mafinga, Makambako na Njombe. Ukiwa na fundi mzuri, au wewe mwenyewe unaweza kushika spana bila woga, chenso kuukuu iliyonunuliwa kwa akili itakufanyia kazi miaka mingi. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huangalia vitu vya nje: rangi, kava, kamba ya kuwashia, bapa (chuma kirefu kinachobeba mnyororo) linalong'aa. Hivyo vyote unabadilisha kwa pesa kidogo. Kinachokula pesa kimejificha, nacho ni silinda, kranki na kasha la injini. Kwa hiyo nimezipanga mashine hizi kwa maswali mawili: spea zake zinapatikana huku kwetu? Na sehemu zake za ghali zinastahimili kufufuliwa?

Nafasi ya kwanza: Stihl 038 Magnum na MS 381

Hizi ni ndugu, moja ya zamani na nyingine mrithi wake. Injini ni ya cc 72, uzito ni kilo sita na ushee bila bapa, na zina breki ya mnyororo. Kwa mwenye shamba la mipaini au mikaratusi anayeangusha miti, kukata magogo na mara mojamoja kupasua mbao chache, sioni chenso nyingine kuukuu ya kuishinda. Karibu kila kitu chake unakipata, kuanzia ringi hadi mipira ya kuzuia mtetemo, na fundi yeyote aliyezoea chenso amewahi kuifungua.

Jihadhari na jambo moja. Jina 038 lilibebwa na mashine zenye silinda tofauti. Pistoni ya 038 ya kawaida ina kipenyo cha milimita 48, ya Super ni 50, ya Magnum ni 52. Muuzaji atakwambia "zero thati eiti" tu, nawe ukiagiza pistoni kwa jina hilo utaletewa isiyokaa. Pima kwanza, ndipo uagize.

Nafasi ya pili: Stihl 070, kwa mpasuaji mbao tu

Najua wapasuaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini wangeiweka ya kwanza, na sababu wanazo. Chimbuko lake ni Contra, mashine ambayo Stihl waliitoa mwaka 1959. Silinda ina kipenyo cha milimita 58 na pistoni inasafiri milimita 40, ndiyo cc karibu 106. Haikimbii, lakini ina nguvu ya kuvuta: ukiizamisha kwenye gogo nene na kulipasua kwa urefu, inaendelea kunguruma palepale ambapo ndogo zingeshazimika. Muundo wake ni mwepesi kueleweka, na spea zake zimejaa hadi kwenye maduka ya miji midogo.

Kwa nini basi siipi nafasi ya kwanza? Ni nzito, zaidi ya kilo kumi kabla hujafunga bapa, na nyingi zinazouzwa huku hazina breki ya mnyororo wala mipira ya kuzuia mtetemo. Ncha ya bapa ikigusa tawi na mashine ikakurukia usoni, hakuna cha kuusimamisha mnyororo. Na mtetemo wa kila siku unaharibu mishipa ya vidole: vinakufa ganzi na kuwa vyeupe asubuhi za baridi. Ukiichukua, ichukue kwa kupasua magogo yaliyokwisha lala chini. Kuangusha miti tumia nyingine.

Ndugu yake mkubwa, 090, ina cc karibu 137. Usiinunue kwa sababu ya sifa ya ukubwa. Silinda yake ni ya milimita 66, si ile ya 070, na spea hazipatikani kirahisi kama za mdogo wake.

Nafasi ya tatu: Husqvarna 268 na 272XP

Kwa ukataji mtupu, 272XP inaizidi 381: cc ni 72 zilezile, lakini inapanda mizunguko haraka na kukata kwa kasi. Uzuri mwingine kwa anayefufua ni kwamba 268 na 272 zina kasha na mwendo wa pistoni mmoja. Ukikuta 268 iliyokufa silinda kwa bei ya chini, unaweza kuivalisha silinda na pistoni ya 272 ukapata mashine yenye nguvu zaidi. Kilichoishusha ni spea tu. Ukiwa karibu na Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hutateseka. Ukiwa kijijini Ludewa, uliza kwanza duka la karibu lina nini kwenye kabati.

Nafasi ya nne: Stihl 066 na MS 660

Mashine bora kabisa, cc karibu 92, na kama ningehakikishiwa ni halisi ingepanda juu sana. Lakini 660 ndiyo iliyonakiliwa kuliko karibu zote, na sokoni utakuta mchanganyiko: kasha halisi, silinda ya kopi, karabureta ya kopi, stika mpya. Tafuta namba iliyochongwa kwenye kasha. Kisha fungua ekzosi utazame matundu ya silinda kwa tochi. Silinda nzuri ina kingo zilizolainishwa, wakati nyingi za kopi zina kingo kali zenye mabaki ya kalibu, na ndizo zinazokamata ringi na kuzivunja.

Nafasi ya tano: Stihl 051

Ina cc 89 na chuma cha uhakika, ila spea zimekuwa adimu. Inunue ukipata mbili pamoja, moja ya kukatia na nyingine ya kuchinja spea. Ikiwa peke yake, mwachie mwingine.

Ya mwisho: kopi iliyotumika

Kopi mpya kuna watu wanaifanyia kazi ndogo na kuridhika, siwabishii. Kopi iliyotumika ni habari nyingine. Beringi za kranki zimeshalegea, tabaka la ndani la silinda limeanza kubanduka, na ukiweka pistoni mpya juu ya kranki iliyochoka unakuwa umelipia ugonjwa uleule mara ya pili.

Siku ya kununua

Fika bila kupiga simu nusu saa kabla, maana wauzaji wengine huichemsha mashine ili iwake kwa mvuto mmoja mbele yako. Gusa silinda. Ikiwa ya moto, sema kwa adabu: "Mzee, naomba ipoe kwanza, nitarudi baada ya chai." Mwenye mashine nzima hatakasirika.

Ikishapoa, kabla ya kuiwasha, ishike kwa mpini wa kamba na uiache ining'inie. Kama kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ni nzuri itashuka kwa kusitasita, hatua kwa hatua. Ikiteremka moja kwa moja, ringi au silinda zimechoka, au kile kivalvu cha kupunguza kompresheni, kwa zenye nacho, kiko wazi. Ukiwa na geji, psi 150 inapendeza, na ikishuka chini ya 110 anza kujadili bei ya mashine mbovu.

Halafu omba kufungua ekzosi. Ni boliti chache tu, na hii ndiyo dakika muhimu kuliko zote. Vuta kamba taratibu hadi pistoni izibe tundu, umulike ubavu wake. Ukiona chuma laini chenye mistari hafifu sana, vema. Ukiona michirizi mizito ya kusimama upande huu wa ekzosi, injini imewahi kukamata kwa kukosa oili kwenye petroli au kwa kuvuta hewa ya ziada. Toa na karabureta kama muuzaji anaruhusu. Michirizi upande wa karabureta kwa kawaida ni vumbi lililopita kwenye filta mbovu, na vumbi likishaingia huko limepitia pia kwenye beringi.

Kukagua beringi kwenyewe ni rahisi. Vua kava la kamba, kamata flaiwili kwa mikono miwili, isukume juu na chini. Isicheze hata kidogo. Ikicheza, kasha lote litafunguliwa, na hesabu yako imebadilika.

Kisha kasha. Tazama pale skrubu mbili za kufungia bapa zinapoingia. Kasha la mashine hizi ni magnesi, si chuma cha kawaida, na nyuzi zikiisha au ufa ukitokea hapo si kazi ya kumpelekea mchomeleaji yeyote. Vumbi la magnesi linashika moto, na moto wake haufai kumwagiwa maji. Kasha lenye ufa liache, hata ukibembelezwa namna gani.

Mwisho iwashe. Kata gogo kwa robo saa mfululizo, izime, hesabu dakika mbili, vuta tena. Koili inayokufa hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kugoma ikipata joto, na huwezi kuijua bila jaribio hili.

Ukikubaliana bei, dai risiti na karatasi ya umiliki yenye namba ya mashine, kisha ulizia ofisi ya wilaya ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), au KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) kwa walioko Kenya, kuhusu usajili na kibali kabla hujaingia nayo msituni.

Unanunua nini pamoja nayo

Hata mashine iwe nzuri vipi, weka bajeti ya vitu hivi tangu mwanzo: sili mbili za kranki, mpira wa petroli na filta yake ya tangi, seti ya spea za karabureta yenye viwambo vipya, plagi, filta ya hewa. Sili ndizo watu wanazodharau. Zikikakamaa, injini inavuta hewa pembeni, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), mizunguko inapanda na kushuka yenyewe, na fundi anakesha kwenye karabureta akitafuta kosa lisilokuwepo pale. Badilisha sili kwanza, halafu ndipo urekebishe karabureta. Anza na skrubu zake zote mbili za mafuta, mzunguko mmoja kutoka zilipofunga. Ukibana mafuta hadi mwisho bila mzigo, mlio uwe wa kukatakata kidogo, na ukigusa mti unyooke. Ukiwa umenyooka kabla ya kugusa mti, ongeza mafuta kidogo, usiichome pistoni.

Silinda za chenso hazichongwi kuongezwa kipenyo kama za pikipiki. Ndani ni alumini iliyopakwa tabaka gumu la kromu au nikeli, na fundi atakayeipeleka kwenye mashine ya kuchonga anaiua. Habari njema ni kwamba silinda nyingi zinazotupwa hazijafa. Michirizi inayoonekana mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya tabaka. Chukua kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, iyeyushe kwenye maji kidogo, vaa glovu na miwani, upake kwa kijiti chenye pamba juu ya alama tu. Itatoa povu. Povu linapokoma, futa, suuza, rudia. Usiache idondoke kwenye matundu, maana huko alumini iko wazi na italiwa. Ukimaliza, pitisha kucha: isipokwama popote, silinda imepona. Ikikwama kwenye shimo, tabaka limetoboka, tafuta nyingine.

Kwa pistoni, zilizo bora ni Mahle ya Ujerumani na Meteor ya Italia. Uliza kwa jina, na ufungue boksi dukani uione alama yenyewe kwenye pistoni. Unapoifunga, mshale juu yake uelekee ekzosi.

Sheria yangu ya bei: jumlisha ununuzi na spea zote hizo, na kama kasha linafunguliwa, ongeza beringi. Jumla ikipita nusu ya bei ya mpya halisi ya aina hiyohiyo, acha.

Mafuta na mnyororo

Kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili iliyotengenezwa kwa chenso, changanya moja kwa hamsini: mililita 100 kwa lita tano za petroli. Kwa oili ya kawaida ya mipigo miwili, moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200 kwa lita tano. Kupunguza oili ili kubana matumizi ndiko kunakozijaza meza za mafundi pistoni zilizokwaruzwa.

Oili chafu iliyomwagwa gereji isiingie kwenye tangi la mnyororo. Ina unga wa chuma unaokula pampu na mfereji wa bapa. Badilisha na sproketi pia, ukiona mnyororo umeichimba zaidi ya nusu milimita, la sivyo itauharibu mnyororo mpya mapema. Na kama kazi yako ni kupasua, noa meno kwa pembe ya nyuzi 10 badala ya 30 za kukatia. Tumia tupa la kunolea la milimita 5.5 kwa mnyororo mpana wa 070, 5.2 kwa ule wa 381 na 272. Mbao zitatoka laini, na injini uliyoihangaikia haitalazimika kusukumwa kwa nguvu.