Fundi wa makaburi wa Chang'ombe, Dodoma: kamjengea kaka yetu kaburi la barabarani, nampa nyota 4 kati ya 5

Nimesubiri msimu mzima wa mvua upite ndo niandike hii, maana kaburi likijengwa Agosti kila fundi anaonekana mzuri, mvua za Januari ndo zinasema ukweli. Jumamosi iliyopita nilishuka pale kuangalia, halina ufa hata mmoja na maji hayajachimba pembeni, kwahiyo sasa naweza kuongea.

Kwanza nieleze kaburi lenyewe ni lipi, ili mjue kwanini siyo kila fundi angeiweza kazi hii. Ni la kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, sijawahi kumuona maana mimi nimezaliwa miaka mitatu baada ya yeye kuondoka. Yupo peke yake pembeni ya barabara ya Iringa, kati ya Mlowa Barabarani na Fufu, hakuna kaburi lingine pale wala nyumba wala shamba, ni migunga tu na mbuyu mmoja kwa mbali. Waliosafiri njia ile wamelipita mara nyingi bila kujua.

Alikufa 1971 mwaka wa Operesheni Dodoma. Wazee wetu Wagogo walikuwa wanaishi kwenye matembe (nyumba za udongo zenye paa bapa) yaliyotawanyika, kila mtu na zizi lake na shamba lake la uwele, ukame ukapiga, serikali ikasema watu wakae pamoja kwenye vijiji vya ujamaa ili iwe rahisi kuwapelekea maji na shule na zahanati, na hii ilikuwa kabla ya ile amri ya 1973 ya nchi nzima, Dodoma tulitangulia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa anakuja Chamwino kufyatua matofali na wanakijiji. Mimi sina ugomvi na hilo, nimesoma kwenye shule iliyotokana na vijiji hivyo hivyo. Ila familia yetu ilikuwa kati ya zile za mwanzo kabisa kushushwa na lori kwenye kijiji kipya, mahali ambapo nyumba hazijasimama bado, kuna miti ya kujengea imelala chini na turubai, na wiki ya tatu surua ikaingia kwa watoto. Kaka alikuwa na miaka 4. Baba na wajomba walimbeba kuelekea zahanati kwa mguu wakifuata barabara, akafia njiani. Kwetu mtu anazikwa nyumbani kwake, lakini wakati ule nyumbani ni wapi? Tembe la zamani liko mbali na limeshabomolewa, kijiji kipya hakina hata makaburi. Wakamzika hapo hapo. Baba akapanga mawe juu na akachomeka tawi la mnyaa upande wa kichwa liwe alama, na mnyaa ule mpaka leo upo, umekuwa mti mkubwa kuliko mtu.

Mama hajawahi kusinzia kwenye basi kipande kile cha barabara, hata mkitoka Iringa usiku wa manane. Anakaa wima, anashika kiti cha mbele, mpaka mnyaa upite. Sisi watoto tulikua tunajua tu kwamba pale mama haongeleshwi.

Sasa kuhusu huduma. Nilianza na fundi mwingine ambaye simtaji, yeye hata hakuuliza kitu, alitaka hela ya nusu halafu akasema mti lazima ung'olewe kwasababu mizizi itapasua zege, na akashauri ni bora tuhamishe mabaki twende kuzika kwenye makaburi ya kijiji "kuliko kuhangaika na kaburi la porini". Nilimpelekea mama wazo hilo kwa upole kabisa. Mama akasema mtoto huyu alishahamishwa mara moja, basi. Hatukuongea tena habari ya kuhamisha.

Huyu wa Chang'ombe nilielekezwa na dada mmoja wa kanisani. Banda lake ni dogo, nje kuna misalaba ya zege na vipande vya terazo vya mfano. Kitu cha kwanza alichouliza siyo bajeti, aliuliza kaburi lipo mita ngapi kutoka katikati ya barabara. Nikashangaa. Akanieleza kwamba sheria ya barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara mita 30 kila upande kwa barabara kuu, zamani ilikuwa 22.5, kwahiyo watu wengi wanajengea makaburi kwa gharama kubwa wakidhani wako salama kumbe wako ndani ya hifadhi, na siku barabara ikipanuliwa ndo wanaanza kuitwa kwenye vikao vya kuhamisha. Akasema hapokei hata shilingi mpaka tukapime. Tulienda naye kwa basi na futi kamba yake, akapima mara mbili, mimi nimeshika upande wa lami moyo unadunda. Mita 34. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia, yeye akaenda kusimama mbali kidogo akiangalia upande mwingine mpaka nikamaliza. Hiyo peke yake kwangu ni nyota mbili.

Kuhusu mnyaa alisema haung'olewi. Atasogeza msingi upande wa miguuni futi moja na nusu, atachimba mfereji mwembamba katikati auzibe na mawe ili mizizi igeukie upande mwingine, na tukubaliane tu kwamba kila baada ya miaka miwili mtu aende kukata matawi. Pia alikataa kuweka marumaru za sakafuni ambazo mimi ndo nilikuwa nazitaka, zile nyeupe zinazong'aa, akasema jua la Dodoma linazibandua baada ya muda na kaburi la njiani lisilo na mlinzi watu watakuja kuzibandua hata kabla ya jua. Akashauri terazo, yaani saruji nyeupe na chipsi ndogo za mawe, isagwe kwa mashine. Ikabidi kukodi jenereta kwa ajili ya kusaga, hiyo gharama jiandaeni nayo kama kaburi lenu liko mbali na umeme. Maji pia, tulibeba mapipa matatu kwa bajaji ya mizigo kutoka kijijini na kijana wake alilala kule kijijini siku saba akienda asubuhi na jioni kumwagilia zege. Jumla yote na usafiri imefika laki 6 na 80, siyo hela ndogo kwetu, tumechanga ndugu watano.

Kitu kingine ni hayo mawe ya baba. Mafundi wengi wangeyafukia kwenye msingi kama kokoto. Huyu aliyatoa moja moja akayapanga pembeni kwenye gunia, kisha alivyomaliza akayajengea kuzunguka kaburi kama ukingo, na upande wa mlimani akaongeza mtaro mdogo wa kugeuza maji. Mtu wa Dodoma anajua makorongo yanavyoanza, mvua yetu haiji nyingi ila ikija inakuja yote kwa pamoja.

Siku ya kukabidhi mama alikuja. Fundi alimpokea kwa mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, akavua kofia, akamwambia "mama, karibu, tumejitahidi", mama akapita moja kwa moja kwenye ukingo akaanza kuyashika yale mawe, akasema hili na hili ni yeye mwenyewe alimpa baba mkononi. Miaka zaidi ya hamsini. Hata sijui aliyatambuaje lakini mimi sibishani naye.

Nyota moja niliyoipunguza ni kwa ajili ya kibao cha jina. Tulihangaika sana nini kiandikwe maana tarehe ya kuzaliwa hakuna, mama anakumbuka ni msimu wa kupalilia tu. Mwanangu ndo aliyenionyesha kwenye simu habari ya mtoto mmoja wa Marekani, Joel Hembree, familia yake ilikuwa inahama kwenda Oregon kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, Julai 1843 akaanguka akakanyagwa na gurudumu, wakamzika pembeni ya njia huko Wyoming na kuendelea na safari, na jiwe lake walilikwaruza jina na mwaka tu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtu akaliokota jiwe lile na jina bado linasomeka. Niliposoma vile nikasema inatosha, jina na 1971, na sisi tusilazimishe tarehe tusizozijua.

Basi kibao cha granaiti kilipokuja jina limekosewa herufi moja. Ni jina la Kigogo, sitaliandika hapa, lina sauti ambayo ukiliandika Kiswahili inageuka, na mchongaji aliyepewa kazi na fundi akaligeuza. Mama hajui kusoma sana lakini alinifanya nimtamkie kilichoandikwa, nikatamka, akasema huyo siye. Kosa hilo lilituumiza kwakweli, mbele ya wageni na mchungaji. Fundi hakubishana wala hakumsukumia mchongaji, alikitoa palepale, akarudi baada ya siku kumi na kipya kwa nauli yake. Ila kosa ni kosa, kazi ya mtu aliyekufa lazima jina lihakikiwe kabla ya kuchongwa.

Kwahiyo ukienda kwake, na mimi nakushauri uende hasa kama una kaburi la zamani ambalo lipo mbali au lipo peke yake, andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi kwa mkono wako, halafu mpigie simu mzee anayelijua alisikie likisomwa kabla hujalipa. Usilipe yote mwanzoni, yeye mwenyewe anapenda nusu kabla na nusu baada ya kusaga. Nenda asubuhi, mchana anakuwa site. Na kama unasafiri barabara ya Iringa ukaona mnyaa mkubwa peke yake na ukingo wa mawe chini yake upande wa kushoto ukitokea Dodoma, huyo ni kaka yangu.