Boya kwanza, klabu baadaye: mwongozo wa kuchagua mahali pa kufunga mashua ndogo ya matanga

Mtu anayenunua mashua ndogo ya matanga, tuseme chombo cha faibaglasi chenye urefu wa mita sita hadi tisa, mkuku (uti wa chini wa chombo) wa kudumu na chumba cha kulala watu wawili au watatu, kwa kawaida hutumia miezi akilinganisha mashua zenyewe, kisha hukubali boya la kwanza analoonyeshwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki utaratibu huo ni wa kinyume. Hapa maji ya bamvua, yaani yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu ndani ya saa sita, na pepo hugeuka mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mahali chombo kinapolala ndipo panapoamua ni siku ngapi kitatumika na ni miaka mingapi kitadumu. Ndiyo maana nafasi zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuangalia maji kwanza, boya na mnyororo wake baadaye, na huduma za klabu mwisho. Baa na jiko, ambavyo mgeni huonyeshwa kabla ya kitu kingine chochote, havikuhesabiwa.

Kabla ya kwenda kuzungumza na klabu yoyote, mnunuzi anapaswa kuwa na hesabu ya maji mkononi. Vipimo vya jedwali la maji huanzia usawa wa ramani, ambao unakaribiana na kiwango cha maji yanapopwa kabisa. Katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, maji ya bamvua hujaa hadi baina ya mita 3.2 na 3.5 juu ya usawa huo na hupwa hadi kama mita 0.3, ilhali maji mafu, yaani yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, hujaa hadi kama mita 2.4 tu na hupwa hadi kama mita 1.3. Chukua sasa mashua inayozama mita 1.2, iliyofungwa mahali ambapo mchanga uko mita 0.9 juu ya usawa wa ramani. Ili ielee inahitaji maji ya mita 2.1, na mtu mwangalifu ataongeza sentimita 30 kwa ajili ya mawimbi. Siku za bamvua itaelea kwa saa kadhaa kila maji yanapojaa. Siku za maji mafu itaelea kwa shida, na maji mafu yakiwa madogo kuliko kawaida, inaweza kukaa mchangani siku mbili tatu bila kunyanyuka hata mara moja.

Jambo ambalo anayekodisha boya halitaji ni saa. Katika sehemu kubwa ya pwani hii bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, maji yakajaa kiasi chake karibu saa nne. Mvuvi analijua hilo tangu utotoni, lakini mtu wa ofisini aliyenunua mashua kwa ajili ya mwisho wa wiki huligundua baada ya kulipa. Mashua ya mfano wetu, Jumamosi ya bamvua, ikikosa maji ya alfajiri haiwezi kutoka kabla ya saa saba na nusu mchana, na lazima irudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, ambayo ndiyo saa ya jua kuchwa. Asiyependa kutoka asubuhi hatapata hasara. Lakini mtu anayetaka kuwahi visiwa vya Bongoyo au Mbudya, nje ya Dar es Salaam, asubuhi, upepo ukiwa bado mwepesi, amepoteza takriban nusu ya wikendi zake za mwaka. Ikumbukwe pia kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja: katika saa ya tatu na ya nne, kila moja, hupanda robo nzima ya tofauti yote, ambayo siku ya bamvua ni kama sentimita 80 kwa saa, na kwa sababu hiyo kosa la nusu saa katikati ya maji lina uzito kuliko kosa kama hilo mwanzoni au mwishoni.

Nafasi ya kwanza naipa boya la maji ya kina ndani ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na mifano iliyo bora ni Kilifi na Mtwapa. Hori ya namna hii imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, mawimbi ya bahari kuu hayafiki ndani, na chini kuna tope au mchanga unaoshika vizuri. Chombo kinaweza kuachwa humo msimu mzima wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba, bila mwenyewe kukosa usingizi. Kilifi ina sifa ya ziada kwamba kuna karakana ya boti kando ya hori, hivyo matengenezo hayahitaji safari ya kwenda bandari nyingine. Kasoro ziko tatu. Ya kwanza ni umbali, kwa mtu anayefanya kazi Mombasa na zaidi sana kwa anayefanya kazi Nairobi. Ya pili ni mlango: hutoka na kuingia kupitia upenyo katika mwamba, na maji yanayopwa yakikutana na mawimbi ya kusi mlangoni, bahari husimama wima kwa namna ambayo mashua ya mita saba haipaswi kujaribiwa nayo, wala usiku si wakati wa kuingia kwa mara ya kwanza. Ya tatu ni madaraja na nyaya za umeme. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, linakatiza hori, na lile la Mtwapa vivyo hivyo. Mwenye mlingoti mrefu apime mlingoti wake kutoka usawa wa maji, aongeze antena, kisha ahesabu kwa maji ya bamvua yaliyojaa.

Nafasi ya pili ni boya la klabu ndani ya ghuba iliyo wazi upande mmoja. Hapa ndipo penye Dar es Salaam Yacht Club, iliyoanzishwa mwaka 1933, katika ghuba ya Msasani, na Tanga Yacht Club kule Raskazone. Nimeiweka ya pili kwa kuangalia usalama wa chombo peke yake. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam na anayetaka kutumia mashua yake kila wiki, nafasi hii inaipita ya kwanza bila ubishi, kwa kuwa mashua iliyo salama Kilifi na isiyotembelewa huharibika ikiwa salama. Rasi ya Msasani inazuia upepo na mawimbi ya kusi, na kwa hiyo miezi ambayo bahari ya nje ni chafu ndiyo miezi ambayo ghuba imetulia. Mashaka huja na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maana mdomo wa ghuba unaelekea kaskazini, na mchana upepo ukikaza chombo hupiga omo (sehemu yake ya mbele) kwenye boya hadi jioni. Anayepewa nafasi ya kuchagua achague boya lililo karibu na rasi kuliko la nje, hata kama la nje lina kina zaidi, mradi kina cha ndani kinatosha bamvua inapopwa. Tanga ina shughuli chache zaidi na pwani ya mji nayo inaelekea kaskazini, kwa hiyo hesabu ya kusi na kaskazi inafanana. Kwa familia yenye watoto wanaojifunza tanga ningependelea Tanga, kwa utulivu wake.

Ya tatu ni klabu iliyo ndani ya bandari ya meli. Mombasa Yacht Club iko Liwatoni upande wa Kilindini, na hakuna anayeweza kulalamikia kina wala kinga yake. Tatizo ni majirani. Meli za mizigo, matagi (vyombo vya kuvuta meli) na vivuko vya Likoni vina haki ya njia na havitangojea mashua inayotafuta upepo. Mkondo wa maji yanayopwa una nguvu, na bila mashine inayowaka kwa uhakika mtu hujikuta anasukumwa asikotaka. Kwa nahodha mzoefu ni mahali pazuri. Kwa anayeanza, la.

Nafasi ya nne ni boya la pwani inayokauka, ambalo kwa kawaida ndilo la bei ndogo kuliko yote na ndilo linalopatikana kwa urahisi. Linafaa kwa mashua yenye mikuku miwili, ambayo hukaa wima mchangani, au yenye mkuku unaopandishwa, na halifai kabisa kwa mkuku mmoja mwembamba, kwa kuwa chombo kitalala ubavu mara mbili kwa siku. Hata kwa mikuku miwili, ardhi lazima ikaguliwe kwa miguu maji yakiwa yamepwa: mchanga mgumu ni mzuri, tope laini linavumilika, lakini kokoto na vichwa vya mwamba vitatoboa faibaglasi wimbi dogo likiinua na kushusha chombo kabla hakijaelea sawasawa. Dakika hizo ishirini za kugusa na kunyanyuka ndizo zinazoharibu mikuku, wala si saa sita za kukaa pakavu.

Ya mwisho ni nanga ya mwenyewe mbele ya ufuo wa wazi, kama wanavyofanya wapitaji mbele ya Mji Mkongwe, Unguja. Kwa siku mbili tatu mtu akiwa chomboni hakuna ubaya. Kama makazi ya kudumu, siipendekezi kwa yeyote, na asiyeamini afikirie Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika Mafia katika pwani ambayo mabaharia wengi waliamini kwamba vimbunga havifiki.

Ukishachagua maji, kagua kilicho chini yake. Maboya mengi hushikwa na bonge la zege, na watu husikia “tani moja” wakaridhika, ilhali zege likizama hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, hivyo bonge la tani moja chini ya bahari ni sawa na kilo 570 hivi. Chuma hupoteza kama asilimia 13 tu. Bonge lililokwisha kuzama katika tope hushika zaidi ya uzito wake, lakini lililowekwa juu ya mchanga mgumu juzi halina msaada huo. Mnyororo nao hauliki sawasawa: sehemu inayoinuka na kulala chini kila maji yanapogeuka husuguliwa mchana na usiku na ndiyo hukatika, wakati vipande vya juu na vya chini yake bado vinaonekana vizima. Kwa hiyo swali la kuiuliza klabu si kama mnyororo ni mnene, bali ni mzamiaji gani aliukagua, lini, na aliandika nini. Klabu inayoweza kutoa daftari la ukaguzi imetangulia mbele ya ile inayotoa maneno. Katika maji ya joto kama yetu, ukaguzi wa mara moja kwa mwaka ni mchache. Kila baada ya miezi sita ndiyo kiwango ningekubali.

Nafasi ya kuzunguka ni jambo jingine linalosahauliwa. Maji yakipwa, mnyororo uliokuwa wima hulegea na duara la chombo huwa pana zaidi, kwa hiyo ni saa za maji kupwa ambapo mashua hugusana. Zaidi ya hapo, mashua yenye mkuku mrefu hufuata mkondo, na boti ya mashine au katamarani jirani hufuata upepo, zikaelekea pande mbili tofauti kwa wakati mmoja. Nenda siku ya bamvua, saa nne asubuhi, ukodi mtumbwi, utie bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) chini ya boya lenyewe na mita kumi pande zote, uangalie majirani ni vyombo vya aina gani. Asubuhi hiyo moja itakupa habari ambazo katibu wa klabu hana.

Ndipo uulize kuhusu huduma, na hapa maswali yenye maana ni machache. Kuna boti ya kuvushia watu hadi kwenye boya, na inafanya kazi hadi saa ngapi? Kuna mlinzi usiku anayeangalia maji, si geti peke yake? Mashine za nje huibwa kuliko kitu kingine chochote. Kuna ufuo wa mchanga mgumu ambapo mwanachama anaruhusiwa kujahabu chombo (kukikalisha pakavu) siku ya bamvua, akakikwangua mwani na chaza kati ya maji mawili kama majahazi yanavyofanyiwa tangu zamani? Klabu yenye ufuo huo itakupunguzia gharama ya kunyanyuliwa kwa kreni mara moja au mbili kwa mwaka, na akiba hiyo inaweza kuzidi tofauti ya ada.

Kuhusu ada zenyewe, tenganisha kiingilio, ada ya mwaka na kodi ya boya, kwa kuwa klabu inayoonekana rahisi katika moja huwa ghali katika nyingine. Mara nyingi unachonunua ni ruhusa ya kutumia boya, si umiliki wake, na ruhusa hiyo haihami na mashua ikiuzwa. Muuzaji anayepandisha bei ya mashua kwa kusema “ina boya lake” aonyeshe barua ya klabu. Bima ya kuwalipa wengine iwepo kabla ya siku ya kwanza, pamoja na usajili, ambao kwa Tanzania Bara unasimamiwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na kwa Kenya na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mkataba useme wazi nani analipa mnyororo wa klabu ukikatika na mashua ikapanda mwamba, na nani ana ufunguo na ruhusa ya kuiwasha mashine na kuihamisha mashua ukiwa haupo mjini. Kama mkataba hauna vifungu hivyo viwili, omba viandikwe kabla hujalipa kiingilio.